Kikombe Kizingitini

Sehemu ya Tisa

Kikombe kilikuwa cha bati, cheupe, mdomo wa buluu, na ubavuni kina pengo la rangi lililofanana na jino lililong'oka. Bi Pampu alikijua kikombe kile hata ukimfunga macho. Ndiye aliyemnunulia mdogo wake siku ya kwanza ya kazi. Na sasa, badala ya kuwa mahali pake, kilikuwa kinachungulia kutoka mfuko wa koti la Mzee Nondo, msimamizi wa mafundi.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, pole, ila sitakusubiri sana. Huku kuna zege linashika.

Ujue tu kwamba daraja ni lile la upinde wa zege, kuukuu, linaloruka korongo kwa mruko mmoja huku bahari ikipigapiga mawe chini yake. Wapita njia husimamisha magari kulipiga picha mara nyingi kuliko wanavyowapiga picha wake zao. Mafundi hawana habari na uzuri. Wao humwita Bibi, na Bibi ana mguu mbovu: nguzo moja nene, tupu ndani kama mnara, imejaa nyufa. Dawa iliyoamuliwa ni kuujaza mguu huo zege. Anayelisukuma zege ndani kwa mashine ni mwanamke mmoja mwenye mikono ya chuma na mdomo wa wembe, ndiyo maana akaitwa Bi Pampu.

Sasa sikia sheria ya mafundi hawa. Anayeingia ndani ya mguu wa Bibi hukipindua kikombe chake cha chai kwenye kizingiti cha mlango. Akitoka, anakichukua mwenyewe. Mwingine hakigusi, awe nani. Fundi anaweza kusahau kofia, anaweza kusahau simu, wapo waliosahau hata harusi ya dada zao, lakini hajazaliwa aliyesahau chai. Kila mara kabla ya kazi Mzee Nondo hutazama kizingiti. Akiona kikombe hupaza sauti: "Kikombe kipo, nyundo chini!" Hapo mafundi wote huweka vifaa chini, aliyeanza kugonga asimalize, aliyenyanyua asishushe kwa kishindo.

Asubuhi ya leo kizingiti kilikuwa kitupu. Mzee Nondo akaamuru mlango uzibwe kwa mbao na chuma. Akasema, "Piga." Bi Pampu akawasha mashine, akapiga. Zege likaingia, likapanda, likaupita mlango. Mafundi wengine walipovuka daraja kwenda kula, ndipo alipokwenda kuomba kiberiti kwa Mzee, akaona kikombe cha Mdundo mfukoni.

Mdundo ndiye huyo mdogo wake. Wa pekee.

"Mzee, hicho kikombe umekitoa wapi?"

Mzee Nondo akauziba mfuko kwa kiganja, kama mtoto aliyeshikwa na sukari. "Zima mashine kwanza, tuongee."

"Mashine nimeshaizima. Ongea."

"Mdogo wako hayuko kazini tena. Nimemfukuza asubuhi."

"Umemfukuza?"

"Alitoka mguuni nikimwona kwa macho yangu haya. Akanifuata, tukasemezana, nikamwambia aende zake. Kikombe nikakichukua mimi pale kizingitini. Ukifukuzwa hapa, kikombe kinabaki. Desturi unaijua."

"Kosa lake lipi?"

Mzee Nondo akapandwa na hasira upya. "Ukosefu wa adabu! Kaja kuniomba binti yangu. Hapa hapa, kofia kichwani, saruji mpaka kwenye kope! Binti niliyemsomesha akawa mpimaji, nyufa za Bibi zote anazipima yeye, injinia mwenyewe anamsikiliza. Eti nimwoze mgonga kuta!"

Niwe mkweli kwenu. Bi Pampu aliposikia hivyo, hakukasirika. Alishusha pumzi. Mdogo wake amefukuzwa! Mdogo wake hana kazi! Hakuwahi kupata habari njema kama hiyo. Mtu aliyefukuzwa yuko nje, anapiga teke mawe barabarani, anatukana. Hayuko ndani ya zege.

Raha hiyo haikumaliza hata pumzi moja.

"Dada!" Breki alikuwa anashuka ngazi za jukwaa mbili mbili. Huyu ndiye mshika bendera wa juu barabarani, kazi yake kusimamisha magari, na jina akalipata humo. "Dada, Mdundo yuko wapi? Pikipiki yake imeziba njia ya lori."

"Kaondoka," Mzee Nondo akasema.

"Kaondoka na nini? Pikipiki ipo pale pale, ndege wameshaipaka chokaa. Na huku hakuna njia nyingine ya kutoka, Mzee. Kila anayetoka ananipita mimi. Binti yako tu sikumwona akitoka, nadhani nilikuwa msalani."

"Binti yangu yuko maabara, kapeleka vipande vya zege. Nilimwona asubuhi anaelekea kwenye gari, na ule mtandio wake wa manjano. Achana na binti yangu!"

Bi Pampu hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anautazama msumari.

Ukutani mwa kibanda cha vifaa kila fundi ana msumari wake. Kwenye msumari wa Mdundo ilipaswa kuning'inia nyundo ndogo yenye mpini uliochakaa, ya marehemu baba yao. Ndiyo aliyoitumia kugonga kuta za Bibi, akisikiliza wapi zege ni zima na wapi limeoza ndani. Mdundo angeweza kuacha kazi. Angeweza kuacha pikipiki. Nyundo ya baba hakuiacha hata alipolazwa na malaria. Aliiweka chini ya mto, wauguzi wakaogopa kumpa sindano.

Msumari ulikuwa mtupu.

"Aliisahau ndani," Bi Pampu akasema polepole. "Ulipomfukuza, nyundo alikuwa ameiacha mguuni. Akarudi kuichukua. Angepindua nini kizingitini, Mzee? Angepindua nini, na kikombe chake unacho wewe?"



Bi Pampu akakimbia. Alipanda jukwaa akikwaruza magoti, akabandika sikio kwenye ukuta wa mguu wa Bibi. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu, kwa sababu zege likishika hutoa joto. 

Kimya.

Akaokota kipande cha nondo, akagonga. Kimya. Akagonga tena, machozi yanamlenga. "Mdundo! Mdogo wangu!"

Ko-ko. Kisha kimya kidogo. Kisha, ko!

 Ule ulikuwa mlio wa nyundo ya baba, na ugongaji ulikuwa wa dirishani. Walipokuwa vijana, Mdundo akichelewa kurudi, alimgongea dada yake dirisha hivyo hivyo, mbili za haraka na moja nzito, naye akaamka kumfungulia baba asisikie. Miaka yote hiyo hakukosa kumfungulia hata mara moja. Leo amemfungia yeye, kwa mkono wake, kwa mashine yake.

Nyuma ya ugongaji ule ukasikika mwingine, hafifu, kama mwangwi. Hakuutilia maanani. Mnara mtupu lazima uitike.

"Yuko hai!" akapiga kelele. "Leteni nyundo kubwa! Tunavunja!"

Breki alikuwa ameshaikamata. Mzee Nondo akasimama kati yao na ukuta, mikono ameitandaza.

"Hakuna anayevunja."

"Toka, Mzee."

"Sitoki. Niue, sitoki."

"Ni mdogo wangu aliye humo!"

"Najua aliye humo! Tumia akili, mama! Zege bichi linasukuma kuta kutoka ndani. Ukuta wenyewe umechanika. Ukipiga nyundo moja tu unapasuka wote, na Bibi anakaa chini na barabara yake. Mdogo wako atakuwa wa kwanza kufukiwa."

"Basi tufungue mlango, zege limwagike nje."

"Mlangoni kuna nini? Hukupiga wewe? Lile la kwanza tulilitia dawa ya kukaza, lizibe mbao zisivuje. Limeshakuwa jiwe lile."

"Tutoboe juu!"

"Juu ni barabara, unene wake kama urefu wa mtu aliyelala. Tukitoboa kwa mashine, mtikisiko unashuka ukutani."

Kila mlango alioutaja, mzee aliufunga. Na ubaya, wasomaji wangu, ni kwamba mzee alikuwa anasema kweli. Bi Pampu alitamani awe mwongo. Mwongo unaweza kumsukuma kando.

Akarudisha sikio ukutani. Ko-ko. Ko. Alipanda ngazi ya jukwaa, ugongaji ukapungua. Alishuka, ukaongezeka. Ulikuwa unatoka chini, juu kidogo tu ya pale zege lilipofikia.

"Kwa nini hapandi?" akauliza. "Ndani mna vyuma vya kukwea mpaka juu. Zege liko huku chini naye yuko huku chini. Mdundo anakwea kama nyani! Kwa nini hapandi?"

"Labda mguu umenasa," Breki akasema, kisha akajuta kusema.

Bi Pampu alifumba macho. Alimwona: zege limemshika miguu, limefika kiunoni, kifuani, linakauka taratibu huku yeye anagonga akijua dada yake ataamka kufungua dirisha. Akafikiri kuhusu bomba. Bomba lake la kusukumia liliingilia tundu la ukutani, likashuka ndani, mdomo wake sasa umezama kwenye zege bichi, juu ya lile lililogeuka jiwe. Umezama. Mdomo uliozama unaweza...

Akafumbua macho.

"Nitalinyonya."

"Utanyonya nini?"

"Zege. Nitarudisha pampu kinyumenyume."

Mzee Nondo akamtazama kama mtu aliyeambiwa jua litageuka. Kila mwendesha pampu hurudisha nyuma kidogo bomba likiziba, mara moja, mbili, basi. Kunyonya zege la mguu mzima ni jambo lingine. "Itapasua bomba. Hiyo mashine ni kuukuu kuliko mimi."

"Una lingine?"

 Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kumfahamu, Bi Pampu alimwona Mzee Nondo akizeeka mbele yake. Mabega yalishuka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikombe cha bati, akamnyooshea bila kumtazama.

"Sikuwa na haki ya kukigusa," akasema. "Nilikuwa na hasira."

Bi Pampu alikipokea. Maneno yaliyomjia mdomoni siwezi kuyachapisha. Gazeti hili linasomwa na watoto. Aliyameza. Akaenda mpaka kizingiti cha mlango uliozibwa, akakipindua kikombe cha mdogo wake pale pale kilipotakiwa kuwa tangu asubuhi. Akakigandamiza kwa kiganja kama anayeapa.

"Breki, panda juu. Simamisha magari yote. Gurudumu lolote likipita, mguu unatetemeka."

"Kuna bwana na bibi harusi wanapigwa picha katikati ya daraja, na msafara wa magari matano."

"Waondoe kwa miguu."

"Bibi harusi ana mkia wa gauni mrefu kama..."

"Ubebe mkia!"

Breki akapaa ngazi.

"Na mimi?" Mzee Nondo akauliza. Fikirini, mtu aliyekuwa akiamuru kila asubuhi sasa anauliza.

"Chukua koleo. Zege litarudi kwenye beseni la pampu. Likijaa mashine inazimika. Lizoe, litupe. Usipumzike."

Kabla ya kuanza aligonga ukuta kwa nondo. Mafundi wa Bibi wana lugha ya kugonga: moja ni simama, mbili ni endelea, mfululizo ni hatari. Aligonga mbili. Akangoja, roho mkononi.

Mbili zikarudi. Na mwangwi wake hafifu, mbili.

Aliwasha mashine.

Mkono wa kurudishia nyuma ulikuwa na springi iliyochoka. Ukiuachia unarudi wenyewe, mashine inaanza kusukuma mbele. Kwa hiyo hapakuwa na kuuachia. Bi Pampu aliukumbatia kwa mikono miwili, kifua juu yake. Mashine ikakohoa. Bomba likajinyonga ardhini kama linalotaka kukimbia. Likatoa hewa, likatoa maji machafu, kisha kimya kizito kilichomfanya aume ulimi.

Halafu zege likarudi.

Lilidondoka kwenye beseni tonge kwa tonge, la kijivu, zito. Mzee Nondo akalirukia na koleo. Aliinama, akazoa, akatupa, akainama, akazoa, akatupa. Koti alilivua. Kofia ilidondoka, hakuiokota.

"Linakuja!" alipiga kelele, sauti imekatika. "Linakuja, mama, usiachie!"

Juu, muungurumo wa magari ulikoma. Sauti ya Breki ilisikika ikigombana na mtu kuhusu picha, kisha nayo ikakoma. Ilibaki bahari, mashine, na koleo.

Ko-ko. Ko.

"Umesikia?" Mzee Nondo alisimama kidogo, jasho linamchuruzika kwenye ndevu. "Bado ana nguvu. Ana moyo, huyo kijana. Ana moyo wa..." Akazoa tena. "Akitoka humo, mimi mwenyewe... Mwambie kikombe chake... Mwambie binti nitampa! Unasikia? Atoke tu!"

"Utamwambia mwenyewe!"

Na kwa mara ya kwanza mchana ule Bi Pampu alicheka, kicheko kilichochanganyika na kwikwi. Zege lilikuwa linashuka mguuni, alijua kwa mlio wa bomba. Likishuka chini ya magoti ya Mdundo atajinasua, atakwea vyuma mpaka hewani, watamtobolea njia kwa utulivu kesho hata kesho kutwa. Mikono ilimwaka moto, lakini ilikuwa mikono yake, ilizoea.

Ghafla mashine ikanguruma kwa sauti nyingine.

Bomba lilisimama wima. Zege likakatika. Mkono wa mashine ukaanza kumsukuma kifua kama fahali.

"Limeziba!" Mzee Nondo akasema. "Limenyonya kitu!"

"Kitu gani? Ndani hamna kitu!"

Hakungoja jibu. Ulikuwa ni ule wakati ambao mwendesha pampu hupiga mbele kidogo ili kizibo kilegee. Kupiga mbele maana yake ni kumrudishia Mdundo zege. Kutopiga maana yake ni bomba kupasuka na yote kuishia hapo. Akasema, "Nisamehe," hakujua anamwambia nani, akaachia mkono nusu. Zege likasukumwa mbele. Ndani ya mguu, nyundo ikagonga mfululizo, hatari, hatari, hatari. Akauvuta mkono kwa uzito wake wote.

Kizibo kikalegea. Beseni likatapika tope la kijivu, na kwenye tope lile kitu kirefu, kilichojisokota kama utumbo.

Mzee Nondo akakinyanyua kwa koleo. Akakigeuza. Akakifuta kwa kidole gumba, mahali padogo tu, upana wa sarafu.

Chini ya saruji palikuwa manjano.

Koleo lilianguka. Mzee aliushika mtandio kwa mikono miwili, akaukamua, akaufuta kwenye shati lake, akaufuta tena, na kila alipofuta umanjano ulizidi.

"Yuko maabara," akasema. Akamwangalia Bi Pampu kama anayeomba akubaliwe. "Nilimwona anaelekea kwenye gari."

"Ulimwona akipanda?"

Mzee aliukunja mtandio, akaukunjua.

Kichwani mwa Bi Pampu mambo yote yakajipanga bila kuitwa. Binti alikuwa mtu wa ofisini. Watu wa ofisini wanakunywa chai yao kule kwenye kontena, kwenye vikombe vya udongo vyenye visahani. Hawana kikombe cha bati, hawana cha kupindua. Ameingia mguuni mara ngapi kupima nyufa, na mara zote kuna fundi pembeni aliyepindua chake. Leo fundi huyo alikuwa Mdundo. Na Mdundo alipotoka kwenda kuomba mchumba, mchumba mwenyewe alibaki ndani akingoja jibu.

Mdundo hakurudi kuchukua nyundo. Alirudi kumchukua yeye.

Ndiyo maana hakwei. Amembeba mtu.

"Mwanangu!"

Sauti ile haikuwa ya Mzee Nondo mnayemfahamu. Ilikuwa ya mnyama. Alitimua mbio, akaikwapua ile nyundo kubwa aliyoiacha Breki, akapanda jukwaa kama kijana.

"Mzee! Mzee, usivunje! Ulisema mwenyewe!"

"Mwanangu yumo humo!"

"Na wangu yumo! Linashuka, Mzee! Nipe muda tu, linashuka!"

Hakusikia. Mzazi gani angesikia? Alitanua miguu mbele ya ukuta ule ule aliokuwa ameulinda kwa kifua chake. Ufa mkubwa ulikuwa usawa wa macho yake. Akainua nyundo.

Bi Pampu alitazama mkono wa mashine chini ya kifua chake. Akiuachia akimbilie kumzuia, pampu itawasukumia zege wale wawili. Asipouachia, pigo moja linatosha. Hapakuwa na mtu wa tatu. Breki alikuwa juu barabarani, amebeba mkia wa gauni.

Hakufikiri. Kifua chake kilitoa chenyewe sauti, ile sauti ya kila asubuhi, maneno aliyoyasikia kwa Mzee Nondo mwenyewe tangu siku ya kwanza ya kazi hii:

"KIKOMBE KIPO, NYUNDO CHINI!"

Nyundo ikasimama hewani.

 Alikuwa amefundisha mafundi wengi kutii sauti ile, na aliyefundika kuliko wote ni yeye. Macho yake yakashuka polepole mpaka kizingitini. Kikombe cheupe kilikuwa pale, kimepinduliwa, pengo lake ubavuni. Mzee Nondo akashusha nyundo taratibu, taratibu, akailaza miguuni pake bila kishindo. Kisha akapiga magoti, akabandika uso wake ukutani na kulia kama mtoto.

"Gonga," Bi Pampu akasema, huku naye analia. "Gonga mbili, Mzee. Waambie tunaendelea. Wawili wao."

Mzee Nondo aligonga kwa vifundo vya vidole. Mbili.

Bi Pampu akakaza sikio juu ya mngurumo wa mashine. Alizijua sauti zote mbili sasa: ile ya nyundo ya baba yao, nzito, mbili za haraka na moja, na ile hafifu aliyoidhania mwangwi, ya mtu anayegonga kwa kitu kidogo, labda pete, labda kalamu ya chuma ya kupimia.

Jibu lilichelewa. Mzee akagonga tena.

Likaja. Mfululizo, la haraka, lisilo na mpangilio, la mtu aliyechanganyikiwa. Hatari. Hatari. Hatari.

Lilikuwa lile hafifu, nalo lilikuwa peke yake.